Kalamu ya Shangazi na Cheti cha Mkono wa Dhahabu

Shangazi yangu ana sifa nyingi, lakini kusamehe si mojawapo. Nalisema hili mapema ili mtu asifike katikati akaanza kusubiri machozi na kukumbatiana. Aliyemkosea humkumbuka kwa nguo aliyovaa na kwa maneno aliyosema, kisha humweka kifuani bila kelele. Mimi nimelelewa naye tangu nikiwa mdogo na ugonjwa huo umeniambukiza, kwa hiyo asitegemee mtu kwamba nitamsuta.

Alikuwa karani wa shule. Chumba chake kilibanwa kati ya stoo ya chaki na ofisi ya mwalimu mkuu, na ndani yake mlikuwa na meza, kabati la chuma lenye mlango usiofunga, na dirisha lililotazama bomba la maji ambako wanafunzi walisukumana kutwa nzima. Mwaka mzima aliandika barua, akapokea simu na kuwapoza wazazi waliokuja juu. Lakini mwaka ulipofika ukingoni alikuwa na kazi moja tu: kuandika majina ya wanafunzi waliomaliza, mmoja mmoja, kwenye vyeti vyao.

Aliyaandika kwa kalamu ya wino. Ilikuwa nyeusi, nzito kidogo, kifuniko chake kina pete ya shaba, na ubavuni ina kijiti cha chuma unachokiinua ili inyonye wino. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza badala ya viatu. Alienda kazini na ndara mwezi mzima, na waliomcheka aliwajibu kwamba miguu haiandiki.

Na mwandiko wenyewe! Herufi zilikuwa nene zinaposhuka na nyembamba zinapopanda, na zile zenye mkia, mkia wake ulikunjwa kidogo tu, bila madoido. Wazazi ambao watoto wao walipata alama za kusikitisha walivitia vyeti hivyo kwenye fremu, wakavitundika sebuleni, kwa sababu jina la mtoto lilipendeza hata kama alama hazikupendeza.

Sasa, chini ya kila cheti palikuwa na sahihi moja tu, ya mwalimu mkuu. Mzazi mmoja alidhani yeye ndiye aliyeandika vyote, akamsifu. Mwalimu mkuu akatabasamu. Wa pili akasifu, naye akaitikia, "Tunajitahidi." Mwaka uliofuata alishaanza kuwapa wazazi mawaidha ya namna ya kuwafundisha watoto kushika kalamu. Wakamwita Mkono wa Dhahabu, na jina likamkaa. Shangazi aliyasikia yote hayo kupitia ukuta mwembamba, huku ameinamia vyeti, wino haujakauka.

Nilipopata akili ya kukasirika nilimuuliza mbona hasemi.

"Nikisema mimi, nitaitwa mwenye wivu," alinijibu. "Nataka aseme yeye. Jina langu amelichukua yeye, na atalirudisha yeye kwa mkono wake."

Hilo ndilo alilolitaka maishani, na sijawahi kumsikia akitaka jingine kwa dhati namna hiyo.

Kisha ikaja siku ya wageni. Walikuja wakubwa kukagua shule, na mmoja wao, akiwa amevimba kwa chai na sifa, akasema angependa kuuona huo mkono wa dhahabu ukifanya kazi. Mwalimu mkuu alikunja uso akisema wakati hautoshi, lakini mgeni aling'ang'ania. Basi akaingia kwa Shangazi, akaichukua kalamu mezani bila hata kuomba, akaenda nayo. Kinachojulikana ni kwamba alijitia kuandika neno moja, akabonyeza kana kwamba analima, doa likasambaa kwenye karatasi, naye akacheka na kuwaambia wageni kwamba kalamu imezeeka. Wageni nao wakacheka.

Aliirudisha mezani ikiwa imefunikwa, kimya, kama mtu aliyerudisha sahani baada ya kuipasua. Shangazi aliifunua asubuhi. Ncha ilikuwa imeachana, vipande vyake viwili vimetazama pande mbili. Alipomwendea ofisini, mwalimu mkuu hakuinua hata kichwa.

"Aa, dada, ile kitu ya zamani. Usijali, nitakupatia nyingine."

Akampatia biro. Biro yenyewe ilikuwa na tangazo la duka la mabati, zile wanazogawa bure.

Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante. Kalamu yake akaifunga kwenye leso, akaitia chini ya droo. Vyeti aliendelea kuviandika kwa kalamu za kuokoteza, na kwa uwezo wake vilizidi kupendeza, na sifa zilizidi kwenda chumba cha pili. Hakwenda kwa fundi. Aliniambia kalamu ile akiitengeneza itakuwa kwa kazi maalumu, na kazi hiyo bado haijafika.

Ilifika mwaka ambao Mkono wa Dhahabu alistaafu. Kamati ya shule iliamua kumpa cheti cha heshima kwa ajili ya mwandiko wake uliowapamba watoto wote wa mji. Walichapisha karatasi nene yenye kingo za rangi ya dhahabu, juu imeandikwa kwa herufi kubwa CHETI CHA HESHIMA, chini pana nafasi ya sahihi ya mwenyekiti. Katikati pakabaki patupu, pa jina na maneno ya sifa. Na hapo kamati ikafanya jambo ambalo kamati tu inaweza kulifanya. Walijiuliza ni nani mwenye mwandiko unaofaa kumwandikia bwana mkubwa huyo, wakakosa mtu. Wakakata shauri aandike mwenyewe. Mwenyekiti akatia sahihi yake kwa biro, akampelekea cheti kitupu, na salamu nyingi.

Jioni hiyohiyo tulisikia hodi. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama na bahasha kubwa kwapani, ametota jasho.

"Dada," alimwambia Shangazi kabla hata hajakaa, "nisaidie. Umekuwa ukinisaidia miaka yote."

"Kukusaidia?" Shangazi alisema. "Kumbe nilikuwa nakusaidia."

"Usinikalie kooni, dada yangu. Ni mistari michache tu."

"Sina kalamu, Mwalimu. Niliyokuwa nayo unajua yaliyoipata."

"Itengenezwe! Gharama zote juu yangu."

Nilidhani atamfukuza. Mimi ningemfukuza, tena kwa ndoo ya maji. Lakini Shangazi alimkaribisha kiti, akamtilia maji ya kunywa, na akamwambia aiache bahasha. Alipotoka nilimgeukia Shangazi nikiwa nimefura.

"Utamwandikia? Kweli?"

"Nitamwandikia vizuri mno," alisema, akaenda kufungua droo.

Fundi tuliyemwendea alikuwa fundi saa, mzee mkavu aliyekaa kwenye kibanda cha vioo kando ya duka la vitambaa. Kalamu alizitengeneza pia, kwa kinyongo, kwa maana aliamini wenye kalamu hawajui kuzitunza. Alitia kioo chake jichoni, akaitazama ncha, kisha akamtazama Shangazi kwa jicho la pili, lililokuwa tupu.

"Nani kafanya hivi?"

"Bosi wangu."

"Kaipigia msumari?"

"Kaiandikia."

Fundi aliguna. Aliitia kalamu kwenye maji ya uvuguvugu na kutuambia turudi kesho, kwa sababu ndani wino wa kudumu ulikuwa umekauka ukawa ukoko. Tuliporudi aliivuta taratibu, akaizungusha, akaivuta tena, mpaka kichwa kikaachana na kiwiliwili. Mfuko wa mpira wa kushikia wino ulitoka vipande vipande na kumwagika kwenye kitambaa chake. Alikata mwingine mpya, akaupaka poda usinate, akaugandisha mahali pake kwa gundi. Kisha akaishika ncha. Aliilaza juu ya kipande cha shaba, akawa anaikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo, anaangalia, kidogo tena. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza na hapumui. Ile kalamu haikuwa na mwenzake, na ncha ikikatika ndiyo basi.

"Haya, andika," fundi alisema, akamsogezea karatasi.

Shangazi aliandika. Ilikwaruza. Fundi hakuitazama karatasi, alitazama kiganja cha Shangazi kilivyolala, akaichukua kalamu, akaisugua ncha mara kadhaa kwenye msasa laini kupita kitambaa, akairudisha.

"Ncha imelika kwa kuufuata mkono wako. Nimeiacha hivyohivyo. Mwingine akiitumia itamkwamia, lakini hilo ni shauri lake."

Shangazi aliandika tena, na safari hii haikutoa sauti yoyote. Herufi zilishuka zikiwa nene, zikapanda zikiwa nyembamba. Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa na furaha ya kutisha.

Fundi alimpa na onyo. "Wino wa kudumu usiutie tena, utaiziba. Tia ule wa buluu wa wanafunzi, unaosafishika kwa maji. Ila usiuandikie kitu cha kutundika ukutani. Jua likiupiga, unaondoka."

Shangazi aliinua kichwa polepole.

"Unaondoka wote?"

"Wote. Inabaki karatasi."

"Nipe chupa mbili," Shangazi alisema.

Cheti alikiandika siku ya mapumziko, mchana, mezani petu, baada ya kufuta meza na kuniamuru nisitembee. Aliandika jina zima la Mkono wa Dhahabu, kisha sifa zake: kwamba kwa mwandiko wake mwema amewapamba watoto wetu wote. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Kila mkia ulikunjwa mahali pake. Nikajikuta nasikitika kwamba kitu kizuri namna hiyo kimekusudiwa kufa, lakini masikitiko yangu hayakufika mbali.

Kwenye sherehe tulikaa viti vya nyuma. Mkono wa Dhahabu alipokea cheti kilichokwisha kutiwa fremu, watu wakasimama kutazama ule mwandiko, wakapiga makofi wakisema mzee ameandika, ameandika kweli. Alipopewa nafasi ya kusema alimshukuru kila mtu. Alimshukuru mlinzi wa geti, akamshukuru mpishi, akamshukuru na yule aliyezibua mifereji. Karani wake hakumtaja. Damu ilinichemka nikataka kusimama, Shangazi akanibana paja kwa vidole viwili, kwa nguvu, huku anapiga makofi kwa mkono mwingine juu ya goti.

Tangu hapo Shangazi akawa mtu wa kwenda kumjulia hali mstaafu. Kule kwake alipokewa na mke wa mzee, mama mmoja mpole aliyemwita wifi kwa vile mumewe alimwita dada, na ambaye hakuwa na habari ya lolote. Safari ya kwanza tulikuta cheti kimetundikwa kwenye korido, gizani. Shangazi alishtuka kama aliyeona msiba.

"Wifi! Heshima ya mzee mnaificha huku?"

Kabla hatujaaga kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, mkabala na dirisha la magharibi. Safari nyingine alilalamikia mapazia kwamba mazito na yanafuga vumbi, na wifi wake akayabadilisha. Tukawa tunakwenda kunywa chai na kuangalia. Buluu iligeuka ya mbali, ikageuka majivu. Mikia ilitangulia, kisha zile nyembamba za kupanda, kisha hata zile nene zikaanza kukonda. Mzee mwenyewe alikaa chini ya cheti akisoma gazeti, hakuinua macho, maana mtu haendi kusoma sifa anazozijua. Shangazi akirudi nyumbani siku hizo alikuwa anaimba jikoni.

Mwishowe ikaja kamati. Walikuwa wanajenga ukumbi mpya wa shule na walitaka kukipiga picha cheti kile, waikuze, waibandike ukutani kwa ukumbusho. Mke wa mzee alikishusha akifute vioo, ndipo akaona kwamba hakuna kitu. Kingo za dhahabu zilikuwepo. CHETI CHA HESHIMA kilikuwepo. Sahihi ya mwenyekiti, ile ya biro, ilikuwa imara kama imeandikwa jana. Katikati palikuwa peupe.

Alimpigia Shangazi simu mwenyewe, na nilisikia sauti yake yote.

"Wifi, maandishi ya mzee yamepotea! Lakini si neno, si ataandika upya? Ila anasema hana kalamu. Nikakumbuka unayo ile yako, niliyoiona mkobani mwako. Tuazime, basi, leo tu."

"Nakuja nayo," Shangazi alisema.

Alivaa vizuri. Aliijaza kalamu wino, akaipangusa, akaitia kwenye mkoba. Nilimfuata, nani angenizuia.

Tulimkuta mzee kwenye meza ya chakula, cheti kimetolewa kwenye fremu na kulazwa mbele yake, mkewe amesimama nyuma ya kiti amefurahi kwa sababu msaada umefika. Mzee alipomwona Shangazi alitoa macho. Alikuwa amekonda.

"Mama, nenda ukatuletee chai," alimwambia mkewe.

"Chai itakuja. Andika kwanza, nami nikuone. Miaka yote hii sijawahi kukuona ukiandika vyeti."

"Mkono unatetemeka siku hizi."

"Pole, Mwalimu," Shangazi alisema kwa upole. "Basi nitaandika mimi. Nitajitahidi ufanane na ule wa kwanza."

Mzee alishusha pumzi. "Ahsante, dada. Mungu akubariki."

"Lakini kwanza andika wewe neno moja." Aliifungua kalamu, akaiweka kwenye mkono wake. "Hapo katikati, juu ya sahihi ya mwenyekiti. Andika jina la aliyeandika mara ya kwanza. Jina lake na la baba yake."

"Dada, jamani, mbele ya..."

"Mbele yake."

Mkewe alicheka kidogo, akitazama huyu na huyu. "Aliyeandika mara ya kwanza si ni wewe, baba watoto?"

Nilimwona mzee anapima: kamati inakuja, mke amesimama, na mwanamke pekee anayeweza kumwokoa amekaa mbele yake na mikono ameikunja. Nadhani alifikiri kwamba jina litafutika, au karatasi itabadilishwa, au atamwambia mkewe ni mzaha. Akainamisha kalamu, akaandika. Ncha ilimkwamia kama fundi alivyosema. Ilikwaruza, ikaruka, ikatema tone. Herufi zilianguka huku na huku, moja kubwa moja ndogo, za mtoto anayeanza shule. Lakini zilisomeka. Mkewe aliinama, akazisoma kwa sauti, jina zima la Shangazi yangu.

Kisha akauliza, "Na vyeti vya watoto wetu wenyewe?"

Mzee aliitazama meza.

"Vyote?"

"Vyote, wifi," Shangazi alisema. "Cha kitinda mimba wako nilikiandika nikiwa na homa."

Mama yule alikaa. Alimtazama mumewe, na nikajua nyumba ile maneno yatakuja baadaye, tena mengi. Mkono wa Dhahabu alimgeukia Shangazi, uso umemsawijika.

"Haya, nimeandika. Sasa andika na wewe, tumalize."

Shangazi aliitwaa kalamu kwanza, asije akaibonyeza tena. Kisha akaivuta karatasi kwake. Alipuliza wino taratibu mpaka ukakauka, akasoma kutoka juu hadi chini: Cheti cha Heshima, jina lake, sahihi ya mwenyekiti.

"Mbona kimeshaandikwa," alisema. Akakikunjia kwenye gazeti la mzee, akasimama, akamuaga wifi yake kwa heshima zote, tukatoka.

Njiani alitembea haraka, kifua mbele, na mimi nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Kile alichokitaka amekipata, kwa mkono uleule, na mwenye mkono amebaki na fremu tupu ya kuwaonyesha kamati. Tulikuwa tumekaribia nyumbani ndipo nikaacha kucheka.

"Shangazi," nikamwambia, "leo ulijaza wino gani?"

Alisimama katikati ya njia. Jua lilikuwa kali. Alikitia cheti chini ya gauni, akakikumbatia, na tukakimbia.

Hadi leo kimetundikwa nyuma ya mlango wa stoo, mahali ambapo hata mchana hupaoni vidole vyako. Kila mgeni lazima aonyeshwe. Shangazi humsukuma ndani, humpa tochi, humwacha alisome lile jina lililoandikwa vibaya kuliko majina yote duniani, kisha hunyoosha mkono kuidai tochi yake.

"Umeona? Zima."